Mgonjwa Anaposafiri kwa Ndege ya Safari Fupi: Kiti Gani Kinamfaa?

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto jijini Dar es Salaam ameruhusiwa kurejea nyumbani Mwanza. Ndugu wamechanga nauli ya ndege, kwa kuwa safari ya basi ya zaidi ya kilomita elfu moja haivumiliki kwa mguu usiokunjika. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege karani anamwona na magongo yake, anamhurumia, na kumpa kiti cha safu ya mlango wa dharura ambako miguu hupata nafasi kubwa kuliko kwingine. Ndani ya ndege mhudumu anamtazama na kumwomba ahame, maana kanuni za usalama haziruhusu mtu asiyeweza kufungua mlango huo kwa haraka kuketi hapo. Ndege imejaa. Kilichobaki ni kiti cha dirishani upande wa kushoto, safu za nyuma, na huko ndiko goti lenye mshono linakosafiri saa moja na nusu likiwa limebanwa kati ya ukuta wa ndege na kiti cha mbele.

Mfano huu haumhusu mtu mmoja, bali kila hatua yake ni ya kawaida. Karani alitenda wema na mhudumu alitenda sawasawa. Tatizo lilitokea wiki moja kabla, hospitalini, wakati barua ya kumruhusu mgonjwa ilipoeleza aina ya upasuaji, dawa na tarehe ya kliniki, lakini haikueleza mgonjwa ataketi vipi.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida kuhusu kiti bora cha daraja la kawaida humlenga mtu mwenye afya: mahali penye mandhari nzuri, au karibu na mlango ili kushuka mapema. Kwa mgonjwa swali ni jingine. Kiti kinachomfaa hutegemea kiungo kinachouma, upande wa mwili ulioathirika, mara ngapi anahitaji choo, na kama ataweza kuinuka bila msaada. Hata hivyo ni vyema kuanza na yale ambayo kiti chochote, kiwe cha mbele au cha nyuma, hakiwezi kuyabadili.

Hewa iliyomo ndani ya ndege ya abiria haina mgandamizo sawa na ule wa Dar es Salaam. Ndege inapofika juu, mgandamizo wa ndani hushuka hadi kiwango kinacholingana na kuwa kwenye mwinuko wa takribani mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, yaani juu zaidi ya Njombe mjini. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, oksijeni inayoingia kwenye damu hupungua. Mtu mwenye mapafu na moyo mzima hahisi chochote, lakini mwenye upungufu mkubwa wa damu, moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri au ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuzidiwa. Pili, hewa iliyonaswa ndani ya mwili hutanuka kwa takribani theluthi moja ya ujazo wake. Ndiyo sababu mtu ambaye pafu lake limevujisha hewa kifuani na bado halijatibiwa hapaswi kupanda ndege, na aliyewekewa gesi ndani ya jicho baada ya upasuaji wa retina anaweza kupoteza uwezo wa kuona iwapo atasafiri kabla gesi hiyo haijayeyuka. Aliyepasuliwa tumbo kwa upasuaji mkubwa kwa kawaida hushauriwa kusubiri siku 10. Mgonjwa wa selimundu aliye katikati ya maumivu makali naye asubiri yapite, na daktari wake aamue ni lini. Katika hali hizi kuulizia kiti ni kutanguliza la mwisho. Swali la kwanza ni kama safari yenyewe iwepo.

Baada ya kibali cha daktari ndipo kiti huwa na maana, na hakuna mahali kina maana zaidi kuliko kwa mgonjwa wa mguu.

Katika viti vya daraja la kawaida nafasi kati ya safu na safu haitoshi kunyoosha goti. Mahali pekee mguu unapoweza kupata upenyo kidogo ni kwenye ujia, ile njia ya kati wanamopita abiria na wahudumu. Kwa hiyo mgonjwa wa mguu huketi kando ya ujia, lakini upande upi? Abiria akiangalia mbele, viti vya upande wa kulia wa ndege vina ujia kushoto kwao, na viti vya upande wa kushoto vina ujia kulia kwao. Mwenye goti la kushoto lisilokunjika basi aketi upande wa kulia wa ndege, kando ya ujia. Mwenye goti la kulia aketi upande wa kushoto. Ni jambo dogo ambalo watu wengi hulikosea hata wanapopewa nafasi ya kuchagua, kwa sababu hudhani mguu wa kushoto unahitaji upande wa kushoto.

Upenyo huo nao una masharti. Wakati wa kuruka na kutua ujia lazima uwe wazi, na kitoroli cha vinywaji kinapopita mguu urudishwe ndani. Mguu uliofungwa plasta ngumu kuanzia pajani hadi kwenye nyayo, hogo kama wengi wanavyoliita, haurudi ndani kwa namna yoyote. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kuchagua kiti kizuri. Anahitaji kununuliwa zaidi ya kiti kimoja, au shirika la ndege lipange namna nyingine ya kumbeba. Ni afadhali familia iambiwe gharama hiyo mapema kuliko kuigundua uwanjani.

Hogo lina jambo jingine. Plasta ikiwa mbichi, hewa huweza kunaswa chini yake, nao mguu wenyewe huwa bado unavimba. Mwongozo wa usafiri wa anga wa Uingereza, unaofuatwa na mashirika mengi, husema mtu asubiri saa 24 baada ya kufungwa plasta iwapo safari haifiki saa 2, na saa 48 iwapo safari ni ndefu zaidi. Ikibidi kusafiri kabla ya hapo, plasta ipasuliwe kwa urefu kuanzia juu hadi chini, ili isimkabe mgonjwa akiwa angani ambako hakuna msumeno wa kuikata.

Safu ya kwanza, iliyo mbele ya ukuta wa kutenganisha madaraja, huonekana kama jibu, na mara nyingine ni jibu. Lakini ukuta huo haumpi mtu mahali pa kusukumia miguu chini ya kiti cha mbele, na mkoba hauruhusiwi kukaa sakafuni ndege inaporuka na kutua. Mwenye insulini, dawa ya kupuliza ya pumu au chupa ya morfini atalazimika kuiweka kwenye kabati la juu, wakati ambapo hawezi kuinuka kuichukua. Katika safu hizo pia meza hufichwa ndani ya egemeo la mkono, kwa hiyo egemeo hilo halinyanyuki na kiti huwa chembamba zaidi. Kwa mtu mnene, au anayehamishwa kutoka kiti cha magurudumu kwa kuburuzwa pembeni, hapo si pazuri. Safu ya pili au ya tatu humfaa zaidi. Viti vingi vya kando ya ujia vina kitufe kidogo kilichofichwa chini ya egemeo, karibu na bawaba. Kikibonyezwa egemeo hunyanyuka. Mhudumu hukijua, ila hatakibonyeza kama hakuombwa.

Kwa mgonjwa wa kiharusi kanuni ya ujia hugeuka. Mkono uliopooza mara nyingi hauna hisia kamili, hujitokeza ujiani bila mwenyewe kujua, na kitoroli huweza kuugonga au kuuchubua. Upande uliopooza uelekezwe ndani, kwa ndugu anayemsindikiza, na mkono wenye nguvu ubaki ujiani ambako utashika egemeo wakati wa kuinuka. Aliyepooza kulia aketi upande wa kulia wa ndege. Aliyepooza kushoto, upande wa kushoto.

Aina ya ndege nayo ina la kusema. Safari za ndani ya Tanzania hufanywa zaidi kwa ndege za pangaboi kama ATR na Dash 8 Q400, pamoja na ndege za jeti kama Airbus A220-300. Q400 ya Air Tanzania ina viti 76, na 70 kati yake ni vya daraja la kawaida, viwili kila upande wa ujia. Hakuna kiti cha katikati. A220-300 ya shirika hilo ina viti 132, viwili upande mmoja wa ujia na vitatu upande wa pili. Katika ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa ngazi fupi zilizo sehemu ya ndege yenyewe, kwa hiyo ushauri uliozoeleka wa kumketisha mgonjwa mbele ili asitembee sana humfanya atembee ndege nzima. Mgonjwa wa moyo anayechoka kwa hatua kumi aulizwe atapanda ndege gani kabla ya kupangiwa safu. Jeti huwa juu zaidi, na katika viwanja vingi vya mikoani abiria hutembea uwanjani na kupanda ngazi ndefu za kusukumwa. Ngazi hizo humchosha kuliko safari yenyewe.

Pangaboi huleta kelele na mtetemo, na vyote viwili huzidi katika safu zilizo sambamba nalo, sehemu ya mbele ya ndege. Mwenye mfupa uliovunjika karibuni au mwenye kipandauso atatulia zaidi nyuma. Lakini anayesumbuliwa na kichefuchefu hushauriwa kinyume: akae karibu na mabawa, kwa maana ndege hubembea kidogo zaidi karibu na kitovu cha uzito wake, na mkia hupanda na kushuka zaidi. Mwenye shida zote mbili atafute safu chache nyuma ya pangaboi, bado chini ya bawa. Kichefuchefu si jambo la kupuuzwa hata katika safari fupi. Utafiti wa Turner, Griffin na Holland uliochapishwa mwaka 2000, uliowahusisha abiria 923 katika safari fupi 38, uliona kwamba takribani 8 kati ya kila 100 walipata kichefuchefu, ingawa waliotapika hawakufika 1 kati ya 100. Kwa aliyeshonwa tumbo juzi, kutapika mara moja kunatosha kuumiza mshono.

Ndege ndogo za Caravan ziendazo Zanzibar na Mafia zina utaratibu wake. Hazina choo, na rubani ndiye huwapanga abiria kwa kuzingatia uzito wao ili ndege isiegemee upande mmoja. Hapo kuomba kiti fulani hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kwenda msalani kabla ya kuitwa.

Suala la choo huwatesa wagonjwa wengi kimyakimya. Katika safari ya saa moja, muda wa kuruka na kushuka, ambao abiria hatakiwi kufungua mkanda, huweza kuacha nusu saa tu ya kutembea. Mwenye tezi dume, kuhara, au anayetumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu akae kando ya ujia, safu chache kutoka chooni, na aulize mapema choo kiko mbele au nyuma, maana ndege hutofautiana. Asiketi safu ile inayogusana na choo, kwa kuwa foleni husimama juu ya kichwa chake. Wapo wanaoacha dawa za kuongeza mkojo kwa siku nzima kwa kuogopa aibu, kisha hufika wakiwa wamevimba na wanahema. Muda wa kumeza dozi huweza kusogezwa kwa maelekezo ya daktari, nalo ni swali la kuulizwa kliniki bila kuona haya. Mwenye mpira wa mkojo amwage mfuko kabla ya kupanda. Mwenye mfuko wa haja tumboni aubadilishe na abebe wa akiba, kwa sababu hewa iliyomo hutanuka kama hewa nyingine yoyote.

Hofu ya damu kuganda miguuni ndiyo inayosikika zaidi, na katika safari fupi mara nyingi huwekwa mahali pasipo pake. Matokeo ya mradi wa Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba uwezekano wa kupata tatizo hilo huongezeka takribani mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, na kwamba chanzo ni kuketi bila kujongea, iwe ndani ya ndege, basi, gari au treni. Kwa watu wenye afya ni takribani mmoja kati ya 6,000 kwa safari ndefu ya aina hiyo. Saa moja na nusu ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam haifikii kiwango hicho. Lakini mgonjwa aliyetoka Ngara alfajiri kwa basi, akasubiri uwanjani, kisha akapanda ndege, amekwisha kuketi siku nzima, na mwili wake hautofautishi kiti cha basi na cha ndege. Kwa mtu huyo, hasa aliyepasuliwa nyonga au goti, mwenye saratani, mjamzito, au aliyewahi kupata tatizo hilo, kiti cha kando ya ujia ni bora, kwa sababu aliye dirishani huona haya kuwainua wenzake na huishia kutotembea. Akunje na kukunjua vifundo vya miguu kila mara. Soksi za kubana na dawa za kuzuia damu kuganda ziamuliwe na daktari. Kumeza aspirini kwa kubahatisha si kinga inayopendekezwa hapa.

Dirishani nako kuna wenyewe. Mgonjwa wa saratani aliye katikati ya matibabu, ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka, hulindwa zaidi na ukuta kuliko na ujia. Watafiti wa Marekani walioketi ndani ya safari 10 za ndege na kuhesabu mienendo ya abiria, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliona kwamba walioketi dirishani waliinuka mara chache na walikaribiana na watu wachache zaidi, na kwamba hatari kubwa ya maambukizi ya matone hutoka kwa mtu aliye ndani ya safu moja na viti viwili vya karibu. Katika ndege yenye viti viwili upande mmoja, mgonjwa akiketi dirishani na ndugu yake akaketi ujiani, hana jirani mgeni pembeni yake. Barakoa bado inahitajika. Mwenye kuhara kwa sababu ya dawa ndiye pekee anayelazimika kubaki ujiani. Anayetumia mashine ya oksijeni, ambayo hukubaliwa na shirika kwa taarifa ya mapema, naye mara nyingi hupangiwa dirishani ili mrija usiwazuie wengine kutoka. Mwenye selimundu akichagua dirisha abebe shuka au kitenge kizito, maana ukuta wa ndege huwa baridi na baridi humchokoza.

Mjamzito mwenye mimba ya mtoto mmoja isiyo na tatizo hukubaliwa na mashirika mengi hadi wiki ya 36, na mara nyingi baada ya wiki ya 28 huombwa barua ya daktari au mkunga. Kando ya ujia panamfaa. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na kamwe usipite katikati ya mimba.

Kazi kubwa, basi, hufanyika kwenye karatasi. Mhudumu wa afya anayeandika barua ya safari aongeze mistari michache: mgonjwa anaweza kupiga magoti kwa nyuzi ngapi, mguu upi, mkono upi, anapanda ngazi au hapandi, anakwenda choo mwenyewe au kwa msaada. Mashirika ya ndege duniani hutumia alama za herufi nne katika tiketi. WCHR ni kwa anayehitaji kiti cha magurudumu uwanjani lakini anapanda ngazi na kutembea ndani. WCHS ni kwa asiyeweza kupanda ngazi. WCHC ni kwa asiyeweza kutembea kabisa, anayepaswa kufikishwa hadi kitini. Ndugu anapopiga simu akasema tu kwamba mzee ni mgonjwa, huandikwa ya kwanza, na mzee hukutwa chini ya ngazi asijue la kufanya. Taarifa hizi zitolewe angalau saa 48 kabla, pamoja na fomu ya kitabibu ya shirika pale inapohitajika, na kiti kiombwe wakati huohuo kwa namba ya safu na upande.

Linabaki suala la tiketi ya kurudi, ambayo kwa wagonjwa wa rufaa hukatwa siku moja na ile ya kwenda. Aliyekuja akitembea kwa miguu yake anarudi na hogo. Aliyekuja na uvimbe anarudi na mfuko wa haja. Tarehe na kiti vilivyochaguliwa kabla ya upasuaji vilimhusu mtu mwenye mwili mwingine. Siku ya kumruhusu mgonjwa, muuguzi anapokagua dawa na kidonda, aombe pia kuiona tiketi, asome tarehe, aina ya ndege na namba ya kiti, na ndugu apige simu kwa shirika kabla hawajatoka wodini.